Kea (huduma kwa mgonjwa au mzee) ya nyumbani Uingereza: kampuni ya kaunsili au kuchukua pesa mwenyewe?

BintiPwani: Wadau, shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 78, tunakaa naye Leicester. Tangu apate kiharusi hawezi kuoga wala kuvaa peke yake. Kaunsili (serikali ya mtaa) wameshapima mahitaji yake na kukubali kusaidia. Sasa nichague: walete kampuni yao, au nipokee pesa nitafute mtu mwenyewe? Hataki kuogeshwa na mwanamume, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu.

MzeeWaReading: Marahaba, pole kwa kuuguza. Nilianza na kampuni. Mhudumu akiugua, kumpata wa badala ni kazi yao, hilo nawasifu. Lakini marehemu baba aliletewa sura mpya kila mara, na dakika 30 za asubuhi ziliisha chai haijachemka. Nikahamia kwenye pesa.

BintiPwani: Basi naweza kujilipa mimi? Nimeacha zamu mbili kwa ajili yake.

MamaT: Hapo ndipo wengi tunapokwama, mdogo wangu. Ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja na mgonjwa kwa kawaida halipwi kwa pesa hizo, mpaka kaunsili waridhike kwamba hakuna njia nyingine. Ndugu wa nyumba nyingine au jirani, sawa. Wewe omba kaunsili wapime mahitaji yako kama mwangalizi, sheria ya kea ya 2014 (Care Act) inakupa haki hiyo. Pia mwombee mama Attendance Allowance, posho ya serikali kwa wazee wanaohitaji msaada. Haiangalii akiba wala kipato. Akiipata, nawe ukimhudumia saa 35 kwa wiki, ulizia Carer's Allowance, posho ya anayemhudumia mgonjwa. Hiyo ina kikomo cha mshahara, angalia zamu zako.

KakaGlasgow: Hamieni Scotland 😄 Huku kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa ni bure kwa wenye miaka 65 na zaidi tangu 2002, na tangu 2019 hata walio chini ya hapo, ilimradi wapimwe waonekane wanahitaji. Usafi wa nyumba ndio waweza kutozwa. England akiba ikizidi paundi 23,250 unajilipia.

BintiPwani: Mama ana nyumba yake, ndiyo hii tunayokaa!

MamaT: Tulia. Kwa kea ya nyumbani, nyumba anayoishi haihesabiwi. Hesabu hiyo huja akihamia kituo cha wazee.

MzeeWaReading: Ila ukichukua pesa, ujue umekuwa bosi. Bima ya mwajiri, likizo yenye malipo, kodi, vyote juu yako. Mimi niliweka wakala wa kukokotoa mishahara, analipwa humo humo. Tunza kila risiti. Kaunsili hukagua, na pesa zisizotumika huzidai. Kingine, si lazima uchague kimoja. Unaweza kuchanganya.

BintiPwani: Hilo la kuchanganya sikuambiwa! Basi asubuhi ije kampuni, nitaandikisha kwenye mpango wake kwamba aogeshwe na mwanamke. Jioni nachukua pesa, kuna dada wa Mombasa mtaa wa pili, mama anampenda. Mzee, huyo wakala anakata kiasi gani kwa mwezi?