Mjadala: Sola imeshushwa bei na sera za wenzetu. Na sisi Zanzibar tungojee mpaka lini?

Mwalimu wa Micheweni
Assalaam alaykum. Juzi kuna ndugu kasema sola imekuwa rahisi kwa sababu ya utaalamu tu. Sikubali. Bei imeshushwa na sera. Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria: ukiweka paneli juu ya paa lako, umeme wako unanunuliwa kwa bei iliyopangwa, miaka 20. Watu wakazikimbilia, China ikajenga viwanda vya kulilisha soko hilo, na kati ya 2010 na 2020 paneli zikaporomoka bei kwa kiasi cha asilimia 90. Gharama ya mwanzo waliibeba Wajerumani wenyewe kwenye bili zao. Leo mvuvi wa Shumba anachaji simu kwa jua. Suala langu: Serikali yetu ya Mapinduzi, SMZ, nayo iwe na sera ya makusudi, au tupokee tu kinachoshuka bandarini?

Fundi wa Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam. Mwalimu, hilo la Wajerumani kuibeba gharama limenichoma. Hakuna Mjerumani alienilipia miye hata skrubu. Paneli nanunua kwa pesa yangu, bandarini natoa kwa pesa yangu, na juu ya mabati saa saba mchana napanda mwenyewe. Alieshusha bei ni Mchina, basi. Na nyie Pemba la sera mlizungumze taratibu, maana hata waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga mliletewa na Wanorwei, 2011 kama sikosei.

Mtoto wa Wete
Ni 2010. Na hilo neno "mliletewa" lirudishe ulikolitoa. Waya wenu mpya wa Unguja wa 2013, wa megawati 100, si pesa za Marekani? Mbona nyinyi hamkuletewa? Sisi tuliishi na majenereta ya Wesha miaka na miaka. Dizeli ikichelewa, giza. Marehemu baba akiuza samaki, na barafu ikishayayuka alikuwa anawagawa kwa majirani bure, usiku huohuo, kabla hawajaoza. Usitufanyie mzaha na waya wa Tanga.

Bi Mkunazini
Wanangu, msitambiane. Unguja tulikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, kwa sababu ya waya mmoja chini ya bahari. Pampu hazina umeme, maji hakuna, watoto wanapanga madumu visimani tangu alfajiri. Mwenye uwezo kawasha jenereta mlangoni, moshi wote unaingia kwa jirani. Paneli wakati ule tulikuwa tunazisikia tu.

Mtoto wa Wete
Shikamoo bibi. Sitambi. Nimejibu nililoambiwa.

Mwanafunzi Tunguu
Turudi kwa mwalimu jamani. Mfano wa karibu ni Kenya. 2020 waliirejesha VAT kwenye vifaa vya sola, 2021 wakaiondoa tena. Mfanyabiashara atapangaje mambo yake hapo? Ujerumani ilifaulu kwa sababu mtu alijua miaka 20 hakuna kubadilishiwa. Na hapa kwetu kuna kina mama wanafundishwa ufundi wa sola pale Kinyasini, kwa mtindo ulioanzia Tilonia, India. Ufundi upo. Kinachokosekana ni uhakika.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Kina mama wa Kinyasini nawaheshimu sana. Lakini mwanangu, kinachoniua miye si kodi, ni betri. Zinaingia za asidi zimeandikwa ampia 200. Betri ya kweli ya kiasi hicho haipungui kilo 50, lazima muibebe wawili. Hizi unaichukua mkono mmoja kama kikapu cha ndizi. Baada ya miezi sita mteja anarudi, matusi yote yangu. Wallahi mwaka jana mmoja kanikamata kola mbele ya watoto wangu.

Mwalimu wa Micheweni
Fundi, hiyo ndiyo sera ninayoisema! Viwango, ukaguzi bandarini, dhamana ya maandishi. Mtu akishatapeliwa betri moja, jirani zake kumi hawanunui tena, hata paneli ziwe bure.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Ukaguzi naukubali uanzie kwa muagizaji mkubwa. Si mje dukani kwangu mnifungie, yeye bandarini mnampa chai.

Mwalimu wa Micheweni
Nani kampa mtu chai? Mimi ni mwalimu, sina ofisi bandarini. Chunga maneno.

Bi Mkunazini
Fundi, na wale waliokwishauziwa? Mimi betri yangu imevimba, iko uani, wajukuu wanacheza hapo. Naitupa wapi?

Fundi wa Mwanakwerekwe
Usiitupe bibi, ina madini ya risasi na asidi. Watoto wasiisogelee. Nielekeze kwako, kesho baada ya Asri naja kuiondoa, sitaki hata senti.

Mtoto wa Wete
Vyema. Ukishaiondoa njoo hapa, la "mliletewa" bado hujanijibu.