Girisi ya cheni kwenye jezi nyeupe, na nishaifua kwa maji ya kisima

Mpanda wa Bamburi

Assalaam alaykum wenzangu. Naomba msaada kwanza, mnicheke baadaye.

Jumapili alfajiri tulitoka Bamburi watu saba kwa baiskeli, twaenda zetu Mama Ngina, hapa hapa Mombasa. Pale Daraja la Nyali nikabadilisha gia kwa pupa, cheni ikaruka ikanasa kati ya meno na fremu. Malori yanapita ubavuni, wenzangu washafika Buxton, nami nimechutama naivuta kwa vidole. Ikarudi. Halafu nikafanya jambo ambalo hata mwanangu wa darasa la pili halifanyi: nikapangusa mkono kiunoni. Jezi yenyewe nyeupe, ya kikundi, haijamaliza mwezi.

Vidole vinne viko pale juu ya mfuko wa nyuma, utadhani nimepigwa mhuri. Na soksi ya mguu wa kulia ina alama tano za meno ya gia, zimejipanga kama msumeno.

Nilipofika nyumbani niliitumbukiza kwenye maji ya kisima na sabuni ya unga, nikasugua mpaka mkono ukauma, nikaianika jua la saa saba. Doa halikutoka. Limetanuka, limekuwa kijivu. Mke wangu amenitafutia karai langu peke yangu, kaliweka chini ya ngazi, kwamba nguo zangu za baiskeli zisionekane tena kwenye beseni la watoto. Na Jumapili hii twapigwa picha ya kikundi. Kuna dawa, ama niifanye tambara?

Pasi ya Makaa

Wa alaykum salaam. Marehemu babangu alikuwa dobi Mji wa Kale, nimekulia baina ya pasi na kamba, kwa hivyo niwie radhi nikisema sana. Girisi hiyo yatoka. Kilichokuponza ni kuanza na maji.

Nguo za baiskeli si pamba, ni poliesta, na poliesta na mafuta ni mtu na nduguye. Ukiirowesha kwanza, sabuni inaishia kwenye ndoo kabla haijalifikia doa. Na ule weusi si mafuta matupu. Ni vumbi la barabara na chuma chenyewe kinachosagika cheni inapozunguka. Mafuta yanakibeba, yanakizamisha ndani ya nyuzi. Kisha ukaimalizia na jua la saa saba, mafuta yakashika zaidi.

Sasa fanya hivi. Jezi iwe kavu kabisa. Ingiza kipande cha taulo kuukuu ndani, doa lisihamie upande wa mbele. Kwa kuwa lishakauka, lipake kwanza mafuta ya kupikia, matone mawili matatu tu. Najua utasema huyu kachanganyikiwa, mafuta juu ya mafuta, lakini mafuta mapya ndiyo yanayoyalainisha ya zamani. Ngoja dakika kumi, kisha gandamiza kitambaa kikavu uyanyonye. Usisugue! Gandamiza, inua, geuza kitambaa, gandamiza tena. Utaona weusi unahamia kwenye kitambaa.

Hapo ndipo unapoleta sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, bila kuichanganya na maji. Chukua mswaki uliochakaa, anzia ukingo wa doa uje katikati. Ukianzia katikati ndio unalitanua. Iache dakika ishirini, halafu suuza kwa maji ya vuguvugu, kama ya kumuogeshea mtoto.

Na maji ya kisima yaache. Sote twajua visima vyetu, chumvi tupu, sabuni ya kipande inakatika vibonge vibonge na povu hulioni. Mwite muuza maji wa mkokoteni, mtungi mmoja wa maji tamu wakutosha. Rudia mara mbili au tatu, anika kivulini, na pasi usiiguse mpaka uhakikishe doa limekwisha.

Kijana wa Likoni

Yakhe mbona mwajisumbua hivyo. Mafuta ya taa, kitambaa, dakika mbili kwisha. Fundi wetu wa mtaani huosha nayo cheni, mikono, na shati lake.

Mama Wawili

Kijana wa Likoni, shati la fundi huenda ni pamba, na harufu hiyo keshaizoea. Mimi baba watoto alinipa kaptura yake ya kubana niioshe kwa mafuta ya taa. Doa kweli lilitoka. Lakini ile sifongo ya kukalia iliyoshonwa ndani yake iliyanywa yote, nikaisuuza mara nne nikidhani imeisha. Akaenda Mtwapa na kurudi. Alishuka kwenye baiskeli akitembea kama aliyetahiriwa jana, wiki nzima ni poda. Tena siku ile nilikuwa nafua hatua tatu kutoka kwenye jiko la makaa, nikikumbuka nasisimka.

Na jiki msiijaribu kwenye nguo za kunyumbuka. Inakula mpira, kaptura inabaki imelegea kama gunia. Dawa ya kulainisha nguo pia hapana, inaacha utando, jasho halikauki.

Fundi Spoki

Mumelishughulikia doa, cheni hamkuiuliza hali. Cheni inayoacha vidole vinne namna hiyo imetiwa mafuta kupita kiasi. Watu wa Pwani tunaogopa kutu, na kweli hewa ya bahari inakula chuma, basi mtu anaimiminia mafuta ya injini mpaka yanadondoka. Yanashika mchanga, mchanga unasaga meno, ndio huo weusi. Tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, subiri kidogo, kisha pangusa nje yote mpaka ukiigusa kidole kibaki karibu safi. Mafuta yanatakiwa ndani ya viungo, nje hayana kazi.

Siku nyingine ikiruka usiivute. Usukume mbele ule mkono wa gia wenye vigurudumu viwili kule nyuma, cheni italegea, uipandishe kwa kijiti. Mimi hubeba soksi moja kuukuu chini ya kiti, naivaa mkononi. Na meno kwenye mguu wa kulia ni kwa sababu cheni iko kulia na wewe wasimama umeipanda baiskeli. Ukisimama shukia kushoto.

Mpanda wa Bamburi

Nimerudi. Pasi ya Makaa, Mungu amrehemu mzee. Jana usiku nimefuata neno kwa neno, isipokuwa mafuta ya kupikia yalikuwa yameisha nikatumia ya nazi, ya mke wangu ya nywele (hajajua). Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi tii. Baada ya sabuni mara ya pili vidole vitatu vikaondoka. Cha nne, kile cha gumba karibu na mshono, kimebaki kivuli, ukikijua utakiona. Kwenye picha nitaweka mkono pale.

Soksi nimeshindwa. Fundi, hiyo ndiyo itakayokaa chini ya kiti.

Pasi ya Makaa

Kwenye mshono uzi ni mnene, unakunywa zaidi. Kirudie leo kabla hujaivaa, sabuni peke yake, uiache nusu saa. Na hayo mafuta ya nazi mnunulie mengine kabla hajaishika chupa.