Naomba ushauri: kadi yangu ya Tkinter haisikii mbofyo ukiangukia kwenye maandishi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha na vitufe), hii ni siku ya tatu nimekwama.

Natengeneza orodha ya kadi. Kila kadi ni Frame (kisanduku cha kubebea vitu vingine) yenye Label (kipande cha maandishi) mbili ndani: jina na maelezo. Nataka mtu akibofya popote kwenye kadi, ifunguke. Nimefunga (bind) tukio la <Button-1>, yaani mbofyo wa kushoto wa kipanya, kwenye Frame, lakini inaitika nikibofya ule ukingo mwembamba wa pembeni tu. Nikibofya maandishi, kimya. Kumbe tukio linaishia kwa Label, halipandi kwa mzazi wake (Frame) kama nilivyozoea kwenye kurasa za wavuti.

Nimejaribu kulifunga kwenye dirisha kuu. Hapo mibofyo yote inafika, hata ya vitufe visivyohusika, na event.widget (kitu kilichobofywa) inanipa Label badala ya kadi. Kufunga kila Label peke yake kunafanya kazi, ila baadaye nitaweka picha na mengine, sitaki kufukuzana na kila mtoto anayeongezeka.

Rangi ninayoiwasha kipanya kikiwa juu ya kadi nayo ni kero: kipanya kikipita juu ya Label, Frame inapokea <Leave> (tukio la kipanya kutoka) na rangi inazimika, ilhali bado kiko ndani ya kadi!

Je, nikiiingiza Frame kwenye bindtags (orodha ya wanaoshughulikia matukio ya kitu) za watoto wake nitajiletea matatizo mengine? Na ile <Leave> ya kutoka kweli naitofautishaje na hii ya kuingia kwa mtoto?

Natanguliza shukrani.