Skafu inabana katikati kama kiuno, na masombo ya igizo la misafara: nitumie kifaa gani?

Nkuhungu_Nyuzi:

Wakuu, habari za huko. Niko Dodoma mjini, nina kazi mbili mezani. Ya kwanza ni skafu za kuuza kabla baridi ya Juni na Julai haijaisha. Ya pili ni vikorokoro vya mavazi ya jukwaani: igizo la wanafunzi kuhusu misafara ya pembe za ndovu iliyokuwa ikikatiza Ugogo miaka ya 1870. Waigizaji ni 14, na wanahitaji masombo ya kiunoni na mikanda.

Kifaa nilichonacho ni fremu ya mbao, sm 60 kwa 90, misumari kila sm 1 juu na chini. Uzi ni akriliki ya sweta, na wa pamba kidogo. Matatizo ni haya:

- Skafu inaanza na upana wa sm 25, ikifika katikati ni sm 19.
- Nikikaribia juu mkono haupiti tena, kitambaa kinaishia sm 75.
- Kikitoka kwenye fremu ni kigumu kama mkeka.
- Uzi wa pamba unakatika, hasa wa pembeni.

Naomba vipimo kamili. Majibu ya "jaribu tu utazoea" nimeshayapata ya kutosha.

---

Mtande_Mshindio:

Mkuu, ugumu na kiuno ni magonjwa mawili tofauti, tuyatenganishe.

Ugumu unatokana na misumari yako. Mtande (nyuzi za kusimama) una uzi mmoja kwa kila sm 1, umekaa mbalimbali mno. Mshindio (uzi unaokwenda kushoto na kulia) ukiupiga unashuka mpaka unaufunika mtande wote, na hapo umefuma zulia. Skafu inataka mraba: ukihesabu nyuzi katika sm 1 kwenda juu na sm 1 kwenda pembeni, idadi zikaribiane.

Namna ya kujua idadi: zungushia uzi wako kwenye rula, mizunguko iguse bila kupandana wala kukazwa, mpaka ujaze sm 5. Hesabu mizunguko, gawa kwa 5, kisha gawa kwa 2. Akriliki ya kawaida ya sweta inatoa mizunguko kama 20 kwa sm 5, yaani 4 kwa sm 1, kwa hiyo mtande wake ni nyuzi 2 kwa sm 1. Ukitaka skafu ilegee shingoni shuka mpaka 1.7. Ukienda chini ya 1.5 kitambaa kinakuwa wavu, kidole kinapenya.

Kiuno sasa. Mshindio haupiti mstari ulionyooka, unapanda na kushuka kwenye kila uzi wa mtande, kwa hiyo unahitaji urefu wa ziada kama asilimia 10. Usipoupa, utauchukua kutoka kwenye upana. Upitishe kama mlima: kwa kitambaa cha sm 29, kilele cha katikati kiwe sm 7 juu ya ulipofikia, halafu ndipo upige kushuka. Pembeni uzi uguse tu ule wa mwisho, usiuvute. Na weka rula kila baada ya sm 10, maana jicho linazoea kiuno polepole na halikuambii.

Fremu hiyo iache ifumie vitambaa vya meza. Eneo linalofumika ni hizo hizo sm 75, haliongezeki.

---

Chanuo_la_Chamwino:

Naongezea kifaa. Kinachofaa skafu ndefu bila karakana ni kitanda cha kiunoni (kitanda hapa ni cha kufumia, si cha kulalia): ncha moja ya mtande imefungwa kwenye nondo za dirisha, nyingine kwenye kijiti kilichounganishwa na mkanda mgongoni mwako. Ukiegemea nyuma mtande unakaza, ukisogea mbele unalegea. Katikati linakaa chanuo lenye matundu, ndilo linalofungua njia ya mshindio.

Chanuo la vijiti vya aiskrimu:

Vijiti 24, vya upana wa sm 1 na urefu wa sm 11. Toboa kila kimoja katikati kwa keekee ya mm 3. Vinapasuka ukitoboa kimoja kimoja, kwa hiyo fungasha vitano kwa selotepu, bana kwa jiliwa, toboa vyote kwa pamoja. Sugua kila tundu kwa msasa laini uliokunjwa. Hapo usifanye haraka, kwani tundu lenye kibanzi litakukatia mtande siku nzima na utaulaumu uzi.

Vipange kwenye kipande cha mbao chembamba cha sm 32, juu na chini, kwa gundi ya mbao. Kati ya kijiti na kijiti weka njiti ya kiberiti ndiyo iwe kipimo cha nafasi, kisha iondoe gundi inaposhika. Funika kwa vipande vingine viwili vya mbao, bana, acha usiku kucha. Una matundu 24, na nafasi 24 ukihesabu ile ya nje upande mmoja. Hizo ni nyuzi 48 kwenye upana wa karibu sm 29, yaani ile 1.7 aliyoisema mkuu hapo juu.

Hesabu ya uzi kwa skafu ya sm 180:

Mtande mita 2.5 kila uzi (skafu yenyewe, asilimia 10 ya kupungua, matamvua, na sehemu isiyofumika). 48 mara 2.5 ni mita 120. Mshindio ni mipito kama 325, kila mmoja sm 31, sawa na mita 100. Jumla mita 220. Soma karatasi ya kidonge cha uzi imeandikwa mita ngapi, usinunue kwa gramu peke yake, maana nyuzi mbili za gramu 100 zinaweza kupishana mita nyingi sana.

Kutandika: funga kijiti kwenye nondo, simika kigingi (mguu wa meza nzito unatosha) mita 2.5 kutoka hapo, chanuo likae karibu na kijiti. Chukua uzi kama kitanzi, upitishe kwenye nafasi ya kwanza, nenda ukauvishe kwenye kigingi. Rudi, nafasi ya pili, hivyo hivyo mpaka 24. Sasa kila nafasi ina nyuzi mbili. Kata upande wa kigingi, kisha toa uzi mmoja kwenye kila nafasi uuingize kwenye tundu la jirani. Ukiruka tundu moja utaliona kama mstari mtupu katikati ya skafu, kwa hiyo kagua kabla ya kufunga. Funga nyuzi nne nne kwenye kijiti cha kiunoni, ukianzia katikati kwenda pembeni, kisha papasa kwa kiganja: penye kulegea kaza.

Kufuma ni kuinua chanuo, kupitisha uzi, kupiga. Kushusha chanuo, kupitisha, kupiga. Nyuzi za kwenye matundu ndizo zinazosogea. Akriliki usiipige kwa nguvu, chanuo lisukume tu. Kitambaa kikirefuka, kiviringishe kwenye kijiti cha kiunoni na usogee karibu na dirisha.

---

Nkuhungu_Nyuzi:

Asanteni sana, njiti ya kiberiti sikuifikiria. Kwa upande wa igizo: nimeona ufumaji wa kadi zenye matundu manne, unatoa mikanda mizuri yenye michoro. Naweza kuutumia kwa kiongozi wa msafara? Na masombo yawe ya kipimo gani?

---

Merikani_na_Kaniki:

Kwa kiongozi wa msafara, hapana kwa michoro. Ufumaji wa kadi ni wa kale kweli, ila makao yake ni kwingine. Kwenye kaburi la merikebu la Oseberg, Norwe, la mwaka 834, zilikutwa kadi 52 zikiwa bado na mtande wake. Ukimvika kiongozi wa Kinyamwezi mkanda wa aina hiyo, anayejua ataona umemchanganya na Waviking. Ukiwa na igizo la Ulaya ya kale, utumie bila wasiwasi.

Katika njia ya Mpwapwa, nyika ya Marenga Mkali, Ugogo na kuendelea pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe (karibu na Tabora ya leo), nguo ndiyo ilikuwa fedha. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita 1857, Stanley 1871, na wote walilipa hongo (wakati huo ni ushuru wa kupita, si rushwa) kwa watemi wa Wagogo kwa nguo na shanga. Nguo zenyewe ni merikani (pamba isiyopaushwa, kutoka Marekani), kaniki ya buluu iliyokolea, na nguo za rangi kwa wakubwa. Kipimo: shuka ni mikono minne, karibu mita 1.8, doti ni shuka mbili, karibu mita 3.7. Kwenye onyesho la hongo, mwigizaji apime kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole. Asitoe futi!

Nguo za kufumwa huku bara zilikuwepo pia. Unyamwezi na Ufipa walisokota pamba kwa mkono na kufuma kwenye vitanda vya kufumia vilivyolazwa chini na kushikiliwa na vigingi. Zilikuwa nzito na zenye uso wa mabonde. Hiyo ndiyo sura unayoweza kuiga kwa chanuo lako: pamba nene isiyo sawasawa, rangi ya maziwa yaliyochacha. Uzi wako ukiwa mweupe wa dukani, chemsha gramu 30 za majani ya chai kwa kila gramu 100 za uzi, chuja, loweka uzi saa moja kwenye moto mdogo. Usitie na majani yake, utapata madoa.

Masombo: sm 25 kwa mita 2.5, yazunguke kiuno mara mbili na ncha zining'inie. Mtande uwe mita 3.3. Pamba nyembamba ikunje mara tatu ifikie unene wa akriliki yako.

Ila usifume 14. Fuma matatu ya wahusika wanaosimama mbele. Waliobaki chana merikani ya dukani (chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, ndipo ukingo ufuate uzi), kisha kila ncha chomoa nyuzi za mlalo sm 8. Kwa mtu aliyekaa mstari wa tatu, matamvua ni matamvua.

---

Mtande_Mshindio:

Naungana na mkuu kuhusu michoro, lakini kadi zisitupwe. Mkanda wa mistari mitupu wa kadi ni imara kuliko wowote utakaofuma kwa chanuo, unabeba kibuyu na kisu cha mbao bila kuvutika. Jukwaani mkanda unaochanika ni kosa kubwa kuliko mkanda wa ugenini.

Karata kuukuu 14, zikatwe mraba wa sm 6, matundu manne kwenye pembe, kila moja sm 1 kutoka ukingoni. Andika A, B, C, D kwa kuzunguka. Nyuzi nne kwa kila kadi ni nyuzi 56. Kwa mkanda wa sm 120 kata mita 2.2 kila uzi, jumla mita 123, na mshindio kama mita 20. Rangi: kadi 3 nyeusi, 8 nyekundu, 3 nyeusi. Mshindio uwe mweusi kwa sababu unaonekana ukingoni tu. Kwa akriliki yako utapata upana wa karibu sm 4.

Kadi ya kwanza nyuzi ziingie kutokea kushoto, ya pili kulia, hivyo mpaka mwisho. Zote zikiingia upande mmoja mkanda utajisokota kama parafujo na pasi haitakusaidia. Zungusha kadi zote pamoja robo mzunguko, pitisha mshindio, piga kwa rula, robo tena. Kule nyuma nyuzi zinajisokota, kwa hiyo kila baada ya robo 24 geuza mwelekeo. Mahali pa kugeuzia panaacha alama ndogo, ndiyo maana pawe na umbali sawa, alama ionekane ya makusudi. Ukiacha kazi, funga kadi kwa mpira. Zikimwagika ni kuanza upya.

---

Uzi_Mkavu:

Hakuna aliyegusa la pamba kukatika. Pembeni unakatika kwa sababu kiuno kinauvuta uzi wa mwisho kwa mshazari. Ukiondoa kiuno, nusu ya tatizo inakwisha.

Nusu nyingine ni hewa ya kwetu. Pamba ikiwa na unyevu ni imara zaidi kuliko ikiwa kavu, na kiangazi cha Dodoma chenye upepo kinaikausha mpaka inatoa vumbi. Fuma asubuhi, usikae mkondo wa upepo, na rashia maji kidogo sehemu ya mtande iliyo nyuma ya chanuo. Kwa pamba ya kusokotwa mkono, paka uji kabla ya kutandika: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwa nusu lita ya maji, upikwe uwe mwepesi wa kumiminika. Chovya, kamua, anika ukiwa umenyooshwa, achanisha nyuzi kabla hazijakauka kabisa. Usiache mtande huo sakafuni, mende wanaupenda kuliko wewe. Akriliki haihitaji uji. Tabu yake kwenye ukavu ni kunata mikononi, na maji ya kurashia yanatibu.

Ukikatika katikati ya kazi usifunge fundo hapo hapo, halitapita tunduni. Kata uzi mpya wa sm 60, choma pini kwenye kitambaa sm 3 chini ya ulipofikia, zungushia uzi mpya kama namba 8, upitishe kwenye tundu lile lile, ufunge kule nyuma kwa fundo la kufunguka. Ncha utazizamisha kwa sindano baadaye.

Matamvua ya skafu: acha sm 18 kila upande. Chukua nyuzi 3 na 3, sokota kila fungu kulia mpaka lianze kujikunja, yaunganishe, yaachie yajisokote kushoto, piga fundo. Nyuzi 48 zinatoa matamvua 8 kila ncha. Kisha loweka dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha utando wa sabuni, tafuta ya mvua au suuza mara tatu. Usikamue, viringisha kwenye taulo, tandaza kivulini. Akriliki usiipige pasi, joto linailegeza na kuipa mng'ao ambao hautoki tena.

---

Nkuhungu_Nyuzi:

Nimeelewa. Swali la mwisho: sampuli niifume ndefu kiasi gani kabla ya kukata mtande wa masombo?

---

Chanuo_la_Chamwino:

Nyuzi 24, mtande wa mita 1, fuma sm 20. Pima ikiwa kitandani, pima ikishatolewa, pima ikishafuliwa na kukauka. Pamba ikipungua zaidi ya sm 2 kwenye hizo 20, ongeza mtande wa masombo kutoka mita 3.3 hadi 3.6.