Mashairi ya raia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe

Mwalimu wa Temeke: Ndugu zangu, kikundi chetu cha ushairi kinatafuta mashairi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yanayowahusu raia, si majemadari. Tuanze na nani?

Mkazi wa Upanga: Mwalimu, anzeni na Miguel Hernández wa Hispania, aliyewahi kuchunga mbuzi. Vita vilipokwisha mwaka 1939 alifungwa, na mkewe alipomwandikia kwamba chakula chake ni mkate na vitunguu tu, alimtungia mtoto wao, aliyekuwa bado ananyonya, wimbo wa kubembeleza uliojaa vitunguu na njaa. Alifia gerezani mwaka 1942.

Msomaji wa Kariakoo: Naongeza Walt Whitman, aliyewahudumia majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani hospitalini Washington na kuwaandikia barua za nyumbani, ingawa yeye (haya ni maoni yangu) huona zaidi wodi za majeruhi kuliko jiko la raia.