Nina simulizi ya mauaji ya mtaani kwetu, na binti wa marehemu ni mteja wangu. Niitoe?

Mwana_Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kwa jambo linaloninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mimi ni binti wa miaka 29, nina duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Tangu utoto napenda visa, na aliyeniambukiza ni bibi yangu. Saa saba mchana jua likiwaka alikuwa anatufungia ndani kwa hadithi za mumiani, kwamba wanapita na gari wakitafuta watoto wa kunyonya damu. Wenzangu wakilia, mimi nauliza gari lilikuwa rangi gani na hiyo damu ilipelekwa wapi. Mpaka leo niko hivyo hivyo. Nikisoma kisa cha mauaji gazetini sitosheki na "uchunguzi unaendelea". Nataka kujua nani alimwona marehemu mara ya mwisho, na taa ya ukumbini ilikuwa inawaka au imezimwa.

Mwaka jana nikaanza kurekodi simulizi kwa simu, dakika kumi kumi, nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa hapa hapa mjini. Nilianza na Osale Otango, yule aliyejificha kwenye mapango ya Amboni na mwenzake Paulo Hamisi miaka ya 1950, mkoloni akimsaka, na wazee wanaosema alikuwa akiwaibia matajiri akawapa masikini. Kisha nikaja na nyuki wa vita vya Novemba 1914 hapa Tanga. Wengi tumekua tukiambiwa Wajerumani waliwatega nyuki wale wawaume Waingereza. Nilieleza kwamba mizinga ilikuwa imetundikwa mitini, risasi zikaitibua, na nyuki hawakuchagua bendera, waliuma pande zote mbili. Hiyo ilisambaa sana.

Sasa tatizo. Kuna fundi cherehani wa mtaani kwetu aliuawa mwaka wa mvua za Elnino. Alitoka msikitini baada ya isha, hakufika nyumbani. Alfajiri akakutwa kwenye mtaro, na cherehani yake ikawa imeibwa. Hakukamatwa mtu. Nimezungumza na wazee watano, nimewarekodi, na watatu kati yao wametaja jina moja la mtu aliye hai. Nikatangaza kwenye kundi kwamba simulizi inakuja.

Wiki tatu zilizopita dada mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaleta cheti chake cha kuzaliwa nimtolee kopi. Mwanga wa mashine ukipita, nikasoma jina la baba. Ndiye yule fundi.

Nilimpa chenji yake na sikusema kitu. Mama yangu anasema nafukua kaburi la watu. Kundi linaniuliza kila siku, "Vipi, lini?" Niitoe, nibadilishe majina, au niache kabisa? Nawasilisha.

Pwani_Tulivu:
Badilisha majina, badilisha mtaa, toa. Visa vikinyamaziwa wauaji wanazeeka kwa raha. Pengine hiyo sauti yako ndiyo itamfanya mtu aseme.

Mwana_Ngamiani:
Mkuu, hata mimi nilianza na wazo hilo. Lakini Ngamiani barabara zina namba na watu tunajuana. Nikisema fundi cherehani, mwaka wa Elnino, mtaroni, nimeshamtaja.

Karani_wa_Mahakama:
Dada, hilo jina walilokutajia wazee usilitamke kwenye sauti yoyote, hata kwa fumbo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kusambaza taarifa za uongo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kundi la WhatsApp nalo ni mtandao. Na huyo aliyetajwa anaweza kukudai fidia ya kashfa, nawe ushahidi wako ni "wazee wamesema".

Upande wa pili, kesi ya mauaji hapa kwetu haiishi kwa kuwa miaka imepita. Kama kuna mzee aliyeona kwa macho yake, siyo aliyesikia barazani, mahali pa maneno yake ni kwa mpelelezi. Zitunze zile rekodi kama zilivyo, usizikate wala kuziunganisha.

Mzee_wa_Usagara:
Mwanangu, marahaba. Nimekusoma mara mbili.

Tulipokuwa wadogo tuliambiwa pango la Amboni linatokea Mombasa, na kwamba mbwa aliyepotelea humo akaja kuonekana Kilimanjaro. Mwaka 1994 wakaja wapimaji wa Kijerumani na Kituruki, wakapima, pango refu kuliko yote likawa mita 900 hivi. Hakuna aliyelia. Mpaka leo tunaisimulia ya mbwa, na ya mita tunaisimulia pia. Hadithi ile haina mwenyewe, unaweza kuivuta utakavyo.

Hata mumiani wa bibi yako alianzia kwenye kitu cha kweli. Mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi kama lami kikiletwa na majahazi, watu wakikitumia kwa waliovunjika mifupa. Wengine wakaamini kimetengenezwa kwa damu ya watu, ndipo wakazaliwa wale wanyonyaji wa magari. Hilo nalo lisimulie, ni zuri, na halimuumizi mtu.

Ya fundi ina mwenyewe. Ukiingia pale mzimuni mapangoni utakuta chupa za marashi na sarafu zilizoachwa na wenye shida zao. Unaziona, unapita. Huokoti chupa ya mtu ukaifungua unuse. Nenda kwa huyo binti kwanza.

Kijana_wa_Mabawa:
Mzee wangu, kwa heshima zote, na Osale Otango je? Wale aliowaibia nao walikuwa na watoto. Mbona huyo tunamsimulia kwa furaha?

Mzee_wa_Usagara:
Umeniweza, mwanangu. Sina jibu zuri. Labda tumsimulie kwa furaha kidogo tu.

Mama_Wawili:
Nilitaka kupita kimya nimeshindwa.

Kaka yangu aliuawa mwaka 2011. Miezi michache baadaye nilikuwa kwenye daladala, vijana wawili kiti cha mbele wanasimulia kisa chake. Wakasema alikuwa amelewa, na kwamba alikutwa na shati jekundu. Kaka yangu hakuwahi kuonja pombe. Na shati lilikuwa jeupe, nililipiga pasi mimi mwenyewe asubuhi ile. Nilishuka kituo kisicho changu, nikakaa chini kwenye kizingiti cha duka la watu.

Dada, mimi nawe ni wamoja. Visa vya mauaji navisikiliza kila usiku nikiosha vyombo, na baada ya kaka ndiyo nimezidi, kwa sababu vingine vina mwisho na cha kwetu hakina. Kwa hiyo sikuhukumu. Nakuomba tu usimwendee kaunta watu wamejaa, na usiende na simu mkononi. Na usimwombe ruhusa ilhali umeshaamua. Atalijua hilo kabla hujamaliza sentensi.

Pwani_Tulivu:
Mama_Wawili, pole sana. Nafuta ushauri wangu wa mwanzo.

Mwana_Ngamiani:
Wakuu, nimerudi. Siku tisa zimepita. Mama_Wawili, maneno yako niliyasoma kila usiku kabla ya kulala. Mungu amrehemu kaka yako.

Ijumaa baada ya swala dada yule alipita kununua kalamu. Wateja walipoisha nikamwomba akae. Nikamweleza yote, na kwamba akisema hapana nafuta kila kitu yeye akiwa anaona. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia kabisa: "Hao wazee wamesema baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Alikuwa na miaka sita. Nyumbani kwao baba anatajwa kama "marehemu aliyeuawa" tu. Nina mzee mmoja kwenye rekodi anayesimulia dakika nne nzima jinsi fundi alivyokuwa akishona sare za shule kwa mkopo mwezi wa Januari, akiimba taarab kwa sauti mbovu mpaka majirani wakamrushia maganda ya chungwa. Alisikiliza amekaa kwenye kigoda nyuma ya mashine ya kopi. Alicheka pale kwenye maganda. Akaomba asikilize tena, kisha nikamtumia kwenye simu yake.

Lile jina hakutaka nilitamke. Alisema analijua tangu yuko darasa la tatu. Rekodi nyingine nne nimempa zote, ataenda nazo kwa baba yake mkubwa, na wao ndio wataamua kama zifike polisi.

Alipokuwa anaondoka akanirekebisha jambo moja. Cherehani haikuibwa. Iko kwao, anaishonea mpaka leo. Wazee wote watano waliniapia kwamba iliibwa, na kisa chote nilikuwa nimekijenga juu ya wizi. Wallahi moyo uliruka, maswali kumi yakanijia kwa mpigo. Nikamfungulia mlango, nikamtakia jioni njema.

Simulizi haitoki. Kundi nimewaambia, watu kumi na mmoja wamejitoa, sawa tu. Inayofuata ni ya Tongoni, yale makaburi ya nguzo. Mwenye mzee anayetokea huko naomba aniunganishe naye. Nitakwenda mwenyewe.