Injini ya sataranji: msimbo unaobadilika kirahisi au unaokimbia?

Farasi64: Wakuu, naandika injini, yaani programu ya kucheza sataranji, kwa C++. Kila kete ina klasi yake inayozalisha hatua zake. Naupenda mpangilio huu, kuongeza kete mpya ni faili moja tu. Lakini perft, jaribio la kuhesabu njia zote za kucheza hadi kina fulani, ya kina cha 6 (hatua sita) toka mwanzo wa mchezo, nodi (nafasi zinazofikiwa) 119,060,324, inaburuta mno. Nivunje kila kitu?

Mzee_wa_Biti: Pima kwanza. Ila aina za kete ni sita na hazitaongezeka, unalipia unyumbufu usiouhitaji. Miraba ni 64, kwa hiyo namba moja ya biti 64, biti moja kwa kila mraba, inabeba askari weupe wote. Unawasogeza mbele kwa kuhamisha biti zote nafasi 8, kwa mkupuo, bila kitanzi.

DadaNgome: Na rangi ya mchezaji ifanye kigezo cha templeti (msimbo ambao kompaila hutengenezea nakala kwa kila rangi), kama injini ya Stockfish. Unyumbufu uache kwenye tathmini ya nafasi (kukadiria nani yuko vizuri), huko ndiko mawazo hubadilika kila mara. Stockfish 12, mwaka 2020, ilipoleta mtandao wa neva wa NNUE kufanya tathmini hiyo, nodi kwa sekunde zilipungua, nguvu ikapanda!

Farasi64: Asanteni sana. Klasi zinabaki kwenye tathmini, hatua nahamishia kwenye biti. Perft ikitofautiana hata kwa nodi moja, sisongi mbele.